Nusu Bati, Nusu Nguo: Mwongozo Kamili wa Kuunda Modeli ya Hurricane ya 1940 na Kuipuliza Rangi

Ukigonga kwa kidole ubavuni mwa Hurricane halisi, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, sauti itategemea umesimama wapi. Karibu na injini utasikia bati. Sogea hatua mbili tatu kuelekea mkiani, sauti inageuka kuwa ya ngoma, kwa sababu nyuma ya chumba cha rubani ndege hii imevikwa kitambaa kilichokazwa kwa dawa juu ya papi za mbao. Iliposanifiwa na Sydney Camm wa kampuni ya Hawker, na kuruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, zama za ndege za nguo zilikuwa zinaisha na za ndege za bati zinaanza. Hurricane iliweka mguu mmoja huku na mmoja kule.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo litakaloamua karibu kila kitu mezani kwako: wapi upige msasa na wapi uuache, wapi rangi ichubuke na wapi isichubuke. Wengi wanaoanza kazi hii huiunda ndege nzima kama bati tupu. Ikikamilika inapendeza, lakini anayeijua Hurricane akiiona mara moja tu anatikisa kichwa.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kuichagua. Kikosi cha 3 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini kilipigana na Waitalia kwa Hurricane katika kampeni ya upande wetu huu mwaka 1940 na 1941. Tarehe 15 Machi 1941 rubani John Frost alitua kwa dharura karibu na Diredawa, Ethiopia, ndege yake ikiwa imepigwa. Mwenzake, Bob Kershaw, akatua kumfuata. Ndege ilikuwa ya kiti kimoja, basi wakapakatana humo humo, wakapaa. Utakapomaliza chumba cha rubani cha modeli yako na kuona kilivyo chembamba, utawakumbuka.

Uchague ukubwa gani

Hurricane ilikuwa na upana wa mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Kwa uwiano wa 1/72 utapata ndege ya sentimita 17 hivi. Kwa 1/48, sentimita 25.4; kwa 1/32, karibu 38. Seti za 1/72 ni nafuu na hazili nafasi kabatini, lakini kama eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ni ngeni mkononi mwako, chukua 1/48. Mpaka wa kijani na kahawia ni rahisi zaidi kuupiga kwenye bawa lenye eneo.

Airfix wa Uingereza wana Hurricane Mk I kwa ukubwa wote huo wawili wa kawaida, 1/72 na 1/48. Arma Hobby wa Poland wana ya 1/72 iliyochongwa vizuri sana, ila vipande vyake vingine ni vidogo kama punje ya ufuta, na mimi nisingempa mtu aanze nayo.

Kabla ya kulipia, tazama mabawa kwenye picha ya boksi. Hurricane za mwanzo zilikuwa na mabawa ya nguo pia, yakionyesha mbavu nyingi zilizopangana karibu karibu. Baadaye yakaja mabawa ya bati yenye mistari ya maungio. Ndege za kwanza kabisa zilikuwa na pangaboi la mbao lenye mapanga mawili. Zilizopigana mwaka 1940 nyingi zilikuwa na mapanga matatu. Mwongozo huu unafuata ndege ya kiangazi cha 1940: mabawa ya bati, mapanga matatu, kahawia na kijani juu, na chini ile rangi ya kijani-maziwa ambayo Waingereza waliiita Sky.

Vifaa

Huhitaji duka zima. Pleasi ndogo ya kukatia yenye mdomo bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, msasa wa maji namba 400, 800, 1000 na 2000 (huo wa mafundi wa magari unatosha kabisa), vibanio vya nguo, vijiti vya meno, na utepe wa karatasi wa waunda modeli. Kwenye utepe usibane matumizi. Ule wa mafundi rangi wa nyumba unavuta sana, na utakapoubandua utaondoka na rangi uliyoisubiri siku mbili.

Gundi ziwe mbili. Ya kwanza ni ile nyepesi kama maji, kwa mfano Tamiya Extra Thin, ambayo haibandiki bali inayeyusha plastiki ili vipande viwe kitu kimoja. Ya pili ni gundi nyeupe ya mbao, kwa ajili ya vioo. Supaglu iwepo kwa dharura, lakini iwe mbali na vioo: mvuke wake huvifanya viwe na ukungu mweupe usiofutika kirahisi.

Eabrashi nunua yenye vitendo viwili, yaani kitufe kinachobonyezwa kutoa hewa na kuvutwa nyuma kutoa rangi, kikombe chake kikiwa juu na nozeli, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 0.3. Hiyo moja itafanya kila kitu kilichomo humu. Kompresa iwe na tangi. Bila tangi hewa huja kwa mapigo, na kwenye mstari mwembamba mapigo hayo yanaonekana. Faida nyingine ya tangi unaijua: umeme ukikatika katikati ya bawa, unabaki na hewa ya kumalizia mpigo mmoja na kusafisha sindano.

Halafu kuna suala la unyevu, ambalo miongozo iliyoandikwa na watu wa nchi za baridi hulipita kwa sentensi moja. Pwani yetu hewa imejaa maji. Kompresa inapoibana, maji hayo hujikusanya ndani ya mpira, na siku moja tone linatoka puani mwa eabrashi na kutua katikati ya rangi mbichi. Chujio la maji kwenye kompresa ni la lazima, na ukiweza ongeza dogo jingine chini ya mshikio wa eabrashi. Limwage kila baada ya dakika ishirini. Bawa langu la kwanza kabisa nililipuliza jioni ya masika, mvua imetoka kupita. Asubuhi lilikuwa na utando mweupe kama maziwa ya unga. Nilidhani nimeuziwa rangi mbovu, kumbe thina ilikuwa imekauka kwa kasi ikapoza uso wa plastiki na kuvuta unyevu wa hewani. Tangu hapo napuliza saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua likiwa kali, na siku ya mvua nakata vipande tu.

Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, si ile ya kitambaa. Fungua dirisha, weka feni inayotoa hewa nje, na usipulize chumba kimoja na jiko la gesi.

Kukata na kusafisha

Osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu ilimomiminwa, na rangi haishiki juu ya mafuta. Ziache zikauke zenyewe.

Kipande ukate mara mbili. Mara ya kwanza mbali kidogo na kipande chenyewe, mara ya pili karibu, ukiacha nusu milimita ya kumalizia kwa wembe na msasa. Ukikata mara moja tu kwa pupa, plastiki inanyofoka na kuacha shimo litakalokudai puti. Usikate kila kitu kwa pamoja. Kata vya hatua unayofanya, la sivyo utatumia jioni nzima kutafuta mguu wa nyuma chini ya zulia.

Chumba cha rubani

Hurricane haikuwa na sakafu. Rubani alikaa juu ya kiunzi cha mabomba, miguu ikiwa kwenye vijia viwili, na chini ya kiti ni uwazi mpaka tumboni mwa ndege. Seti nzuri huonyesha hilo, kwa hiyo mabomba yafaa uyajali: yapake rangi ya fedha iliyofifia, isiyong'aa kama sufuria mpya. Kiti na sehemu nyingine za ndani ziwe za kijani-kijivu, ubao wa mita mweusi. Mikanda usiikose. Hata ile ya karatasi unayojikatia mwenyewe ni bora kuliko kiti kitupu.

Rangi ikikauka, pitisha rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyoiva, iliyozimuliwa kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi. Itakwenda yenyewe kwenye pembe. Kisha chukua brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe uguse kingo. Usitumie wiki nzima hapa. Kifuniko kikifungwa, utakachoona ni kiti, mikanda, na kivuli.

Kuunganisha: hapa ndipo saa zako zitakapoishia

Katika ndege inayonichukua saa thelathini, eabrashi naishika saa tano tu. Nyingine zote zinaliwa na maungio. Rangi ya kupuliza ni nyembamba kuliko ya brashi, na uwazi ambao jicho haliuoni kwenye plastiki tupu utaonekana vizuri ukishapakwa. Usipoziba ufa, wahenga walisema utajenga ukuta. Hapa utavua rangi ndege nzima.

Jaribisha kwanza vipande vikiwa vikavu, bila gundi. Funga pande mbili za kiwiliwili kwa utepe, ingiza bawa, tazama kwenye mwanga. Ukiona sehemu inakataa kukaa, tafuta kinachozuia. Mara nyingi ni chumba cha rubani ambacho rangi yake imekinenepesha. Kwangua rangi pale plastiki inapogusana na plastiki.

Sasa shika pande mbili pamoja na gusa mwanzo wa mshono kwa brashi yenye gundi nyepesi. Itakimbia yenyewe ndani. Hesabu kumi, kisha bana kwa nguvu kidogo mpaka uzi mwembamba wa plastiki laini uchungulie nje. Huo ndio utakaoziba pengo bila puti. Funga kwa utepe na uiache usiku kucha. Ukipiga msasa jioni ile ile, plastiki inaendelea kunywea ndani na baada ya wiki mfereji unarudi.

Mahali pagumu pa Hurricane ni chini ya tumbo, bawa linapokutana na kiwiliwili nyuma ya rejeta, na pia shinani mwa bawa juu. Pengo la juu lizibe kabla ya gundi: weka utepe kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ukipita juu ya mgongo, uvute taratibu mpaka mabawa yainuke na pengo lifunge, ndipo utie gundi. Lakini pima mwinuko. Tazama ndege kwa mbele. Mabawa yote mawili yainuke sawa, na mkia ulale sambamba. Ndege iliyopinda hakuna rangi itakayoinyoosha.

Sasa kwenye nguo. Ubavu wa nyuma wa Hurricane una mistari ya papi iliyoinuka, ikikimbia toka chumbani mpaka mkiani. Mshono wa juu ya mgongo na wa chini ya tumbo unapita humo humo kati ya papi. Ukipiga msasa kwa mapana kama unavyofanya puani, utazifuta papi na hutazirudisha. Bandika utepe pande zote mbili za mshono, ukiacha milimita moja tu wazi, kisha tumia kipande chembamba cha msasa kilichobandikwa kwenye kijiti cha aiskrimu. Pinga haraka zote. Upande wa bati, puani na mabawani, kazi ni kinyume chake: mshono uishe kabisa, na mistari ya mabati uliyoifuta uichonge upya kwa ncha ya sindano ukifuata ukingo wa utepe mgumu.

Miguu ya magurudumu, pangaboi, ekzosi na nguzo ya antena viache pembeni. Vikiwekwa sasa vitavunjika.

Vioo

Kifuniko cha Hurricane kina fremu nyingi na ndicho kinachowafanya watu waahirishe kazi. Kama seti yako inauzwa na utepe uliokatwa tayari, nunua. Kama hakuna, bandika utepe kidogo kidogo, ukandamize kwa kijiti cha meno mpaka ukingo wa fremu uonekane, kisha kata kwa wembe mpya kabisa bila kuukandamiza. Wembe uliotumika jana unararua. Gandisha kioo kwa gundi nyeupe. Kabla ya rangi ya nje, puliza kijani-kijivu juu ya fremu, ili ukitazama ndani kupitia kioo uone rangi ya ndani.

Praima

Puliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu, Mr. Surfacer 1000 au 1500 iliyozimuliwa nusu kwa nusu na thina yake. Kazi yake kubwa ni kukuchongea wewe mwenyewe: kila mkwaruzo na kila mshono uliodhani umeisha utajitokeza. Rekebisha, puliza tena hapo hapo. Mimi huwa narudi mara tatu, na aliyeniambia yeye hurudi mara moja simwamini. Mwishoni pitisha msasa namba 2000 wenye maji, kwa upole, mpaka uso uwe laini kama ganda la yai.

Kuifundisha mikono eabrashi

Usianzie kwenye ndege. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa na vijiko vya plastiki, ufanye mazoezi jioni mbili.

Rangi za ndege hii zipo tayari katika mfululizo wa Mr. Hobby: H72 ni Dark Earth, kahawia ya udongo, H73 ni Dark Green, H74 ni Sky. Ukitumia Humbrol, kahawia ni 29 na kijani ni 30. Rangi za Vallejo zinazozimuliwa kwa maji ni salama zaidi kwa mapafu, lakini usizichanganye na spiriti. Zinaganda kama uji wa jana.

Zimua sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya thina, ukiongeza hadi moja na nusu. Kipimo cha macho ni kuchovya kijiti na kukigusisha ukingo wa kikombe: rangi iteremke kama maziwa ya ng'ombe yasiyo na malai, ikiacha utando mwembamba nyuma. Ikishuka kama mtindi ni nzito. Ikikimbia kama maji bila kuacha kitu, umezidisha.

Shinikizo la hewa liwe psi 15 hadi 20 (ndicho kipimo cha kwenye geji ya kompresa) kwa kazi ya kawaida, umbali sentimita 6 hadi 8. Kwa mistari myembamba shusha hadi psi 10 au 12, ongeza thina, na sogea mpaka sentimita moja au mbili. Anza hewa kabla ya rangi na maliza rangi kabla ya hewa. Mkono uwe umeshaanza kutembea kabla kitufe hakijavutwa, na uendelee baada ya kukiachia. Ukisimama tu, rangi inajaa bwawa.

Makosa yanajieleza yenyewe ukiyajua. Uso ukiwa na chembechembe kama msasa, rangi imekauka hewani: sogea karibu, punguza shinikizo au ongeza thina. Rangi ikitambaa kwa miguu kama buibui, uko karibu mno au umezimua kupita kiasi. Ikitoka kwa kupiga chafya, ncha ya sindano imeshika rangi kavu. Ifute kwa pamba yenye thina. Mapovu yakipanda kikombeni, nozeli imelegea au imepasuka. Na kila ukibadilisha rangi, safisha. Mwisho wa siku ya kazi toa sindano kwa nyuma na uifute kwa kuivuta kuelekea kwenye ncha. Ncha ikipinda hata kidogo, rangi itakwenda upande.

Rangi zenyewe

Anza na Sky chini, kwa tabaka tatu au nne nyembamba. Tabaka la kwanza lisizibe. Liache kijivu kionekane. Subiri dakika kumi kati ya moja na nyingine. Rangi hii iliamriwa kuanzia Juni 1940. Kabla yake ndege hizi zilikuwa nusu nyeusi na nusu nyeupe chini ili walinzi wa ardhini wazitambue, kazi nzuri ya kufunika kwa utepe ukitaka kujitesa.

Siku ya pili funika Sky kwa utepe, na puliza kahawia juu kote. Sehemu ya bati ipulize sawasawa. Kwenye nguo, baada ya tabaka la mwisho, ongeza matone machache ya rangi ya mchanga kwenye kahawia ile ile, uizimue sana, na pitisha mkanda mwembamba katikati ya kila papi na jirani yake. Papi zitabaki na rangi iliyoiva kidogo na kitambaa kitaonekana kimevutwa. Ifanye kwa kiasi ambacho ukirudi nyuma mita moja huioni, ila unaihisi.

Kisha kijani. Mchoro wa madoa ulikuwa wa aina mbili, A na B, mmoja ukiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Fuata ule ulioandikwa kwa namba ya ndege yako. Mpaka kati ya rangi haukuwa mkali kama wa kisu, bali ulififia kwa sentimita chache. Sentimita 5 ukizigawa kwa 48 ni milimita moja. Huo ndio upana wote ulioruhusiwa. Mpaka wenye ukungu wa milimita nne, unaoonekana kwenye modeli nyingi, kwenye ndege halisi ungekuwa karibu sentimita 20.

Njia ninayoitegemea: peleka mchoro wa maelekezo stationery ukuzwe. Pima upana wa mabawa kwenye karatasi. Ukiwa sentimita 12.7 na ndege yako ni 25.4, mwambie mtoa fotokopi asilimia 200. Kata madoa ya kahawia kwenye karatasi hiyo. Finyanga vijiti vya ile gundi ya udongo wa kubandikia picha ukutani, unene wa milimita mbili, uvipange milimita tatu ndani ya ukingo, na kalisha karatasi juu yake. Karatasi ikiinuka kidogo hivyo, rangi inapenya chini yake kidogo sana na kufifia yenyewe. Puliza ukiwa umesimama wima juu ya ukingo. Ukiinamisha eabrashi kuelekea chini ya karatasi, umeharibu.

Stika za maji na yanayofuata

Acha rangi saa 24, kisha puliza klia, yaani vanishi isiyo na rangi, yenye kung'aa kote. Stika juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini na kuonyesha utando wa fedha ambao huwezi kuuondoa. Chovya stika kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde kumi na tano, iache juu ya kitambaa mpaka iteleze, ndipo uihamishe. Duara za juu ya mabawa ni nyekundu na buluu tu, bila nyeupe. Za ubavuni zina pete ya njano kwa nje. Ukichanganya hizo mbili, ndege inapoteza mwaka wake.

Za ubavuni zinalala juu ya nguo, kwa hiyo paka Micro Sol, dawa ya kulainisha stika, mara mbili au tatu mpaka papi zichungulie. Stika itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Usiiguse. Itajinyoosha.

Pitisha klia nyingine, halafu rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwenye mistari ya mabati, puani na mabawani. Nyuma kwenye nguo hakuna mistari ya kujaza, basi usiibuni. Michubuko ya fedha nayo iwe mahali inapostahili: shinani mwa bawa la kushoto, ambako rubani alipandia, na kwenye vishikizo vya mabati ya injini. Kitambaa hakina fedha chini yake. Usukani wa mkia na visogezi vya mabawa navyo ni nguo. Ndege nyingi za 1940 hazikuishi hata miezi michache, hazikuwa na muda wa kuchakaa hivyo.

Moshi wa ekzosi una nafasi zaidi. Changanya nyeusi na kahawia, tone moja kwa matone kumi na tano ya thina, psi 10, na uvute toka kwenye ekzosi kuelekea nyuma, mara nyingi, kila mara ikionekana kama hakuna kilichotoka. Simama pale unapotaka kuongeza mara moja zaidi.

Maliza kwa klia isiyong'aa. Sasa bandika miguu, magurudumu, ekzosi na pangaboi jeusi lenye ncha za njano. Matundu manane ya bunduki kwenye kingo za mabawa yalizibwa na vitambaa vyekundu ili vumbi na baridi visiingie, vikatobolewa na risasi ya kwanza. Kata vipande vya stika nyekundu, ubandike. Ni kitu kidogo na kinaipa ndege uhai kuliko michubuko yote.

Kilichobaki ni waya wa antena, toka kwenye nguzo nyuma ya rubani mpaka juu ya mkia. Chukua kijiti cha fremu ya plastiki, kizungushe juu ya mshumaa mpaka kilegee, kiondoe motoni na ukivute kwa kasi ya wastani. Utapata uzi mwembamba kama unywele. Kata uliozidi kidogo, gandisha ncha ya mkia kwa tone la supaglu la ukubwa wa chembe ya sukari, na kesho yake ncha ya nguzoni. Utakuwa umelegea. Washa kijiti cha udi, zima mwali wake, na kipitishe chini ya waya ukiacha sentimita mbili. Usiguse. Waya utajikaza wenyewe, na hapo ondoa mkono mara moja.